Gia Niliyoikana Ukweni

Jamani, naona bora nijiaibishe mwenyewe kabla shemeji zangu hawajaitia chumvi zaidi hadithi hii, maana pale Ijumbi, kijijini kwao, nikipita watu hunisalimia huku wameuma midomo.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Muleba mjini. Siku ya kwenda kujitambulisha kwa kina Koku, mchumba wangu, mshenga alishauri tupande bodaboda kama watu wenye akili. Nikakataa. Nilitaka baba mkwe auone ufundi wangu, kwa hiyo nikachukua baiskeli kuukuu ya marehemu babu, nikaifungia gia, pamoja na kile kichuma cha mbele kinachousukuma mnyororo kutoka meno madogo kwenda makubwa. (Baiskeli za enzi hizo hazikutengenezewa mambo hayo, mkono wa pedali unapita karibu mno na kichuma hicho.) Nikaigeuza miguu juu, nikazungusha pedali polepole, mkono wake ukapita kando ya kichuma, ukabaki upenyo wa unene wa ukucha. Fundi mwenye busara angeweka ekseli ya pedali iliyo ndefu zaidi, mkono upite mbali. Mimi nikasema, "Si umepita?" nikaenda kunyoa ndevu.

Sasa kilima cha mwisho kinaishia uani kwao kabisa, ukoo mzima umeketi unatungoja, nami nina kibuyu cha rubisi nyuma, na kwa kupenda sifa nikasimama juu ya pedali nikakandamiza kwa uzito wangu wote, fremu ikajipinda kidogo tu, mkono wa pedali ukakibamiza kile kichuma, kikajikunja ndani ya mnyororo, pedali zikaganda, nikaenda chini kwa ubavu, kibuyu kikapasuka na pombe yote ikaniloweka suti hadi soksi!

Baba mkwe akaja, akachuchumaa, akakagua.

"Nani alifunga kitu hiki?"

Sijui shetani gani alinipitia. "Fundi mmoja wa Bukoba, waitu," nikasema kwa heshima zote za Kihaya.

Mshenga akakohoa. Shangazi yake Koku akadakia, "Mbona Koku alituambia umefunga mwenyewe, wiki nzima unajisifu?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, isipokuwa mzee.

"Chuma kukwama ni kawaida, mwanangu. Lakini binti yangu nimpe mtu anayekana kazi ya mikono yake?"

Koku akaingia ndani bila kuniaga. Habari ya posa haikuguswa, na kwa wiki mbili hakupokea simu yangu. Nililia, sifichi.

Jumamosi ya tatu nikapanda kilima kwa miguu na kibuyu kipya, na hata kabla ya kukaribishwa nikapaza sauti kumwita baba mkwe kwa Kihaya, "Tata, ile gia nilifunga mimi!"

"Tunajua," akasema mzee, akakipokea kibuyu. "Keti."

Siku hizi baiskeli haitoki kwangu kabla sijaipanda mwenyewe mlimani, na ikirudi imeharibika, mteja akafoka kuuliza ni fundi gani mjinga aliyefanya hivi, nanyoosha mkono juu.