Mche wa Mfaransa kwenye Mfuko wa Tantine

Tantine, dada ya baba, ndiye aliyenilea Fort Worth, Texas. Siku moja alikuja Euless, mji wa jirani, kunitoa kazini. Alikuwa ameniandikisha kwenye klasi ya kuhudumia wagonjwa, inaanza Jumatatu.

"Wenzako wote kanisani wako hospitali, wewe unashika udongo. Udongo si tuliuacha Kongo?"

Nilikuwa nafanya kazi kwenye kitalu cha mzee mmoja Mfaransa. Alinichukua kwa sababu ya Kifaransa changu kibovu cha kambi ya wakimbizi. Maisha yake alinisimulia vipande vipande tukimwagilia. Kwao alianza utotoni kwa kuosha vyungu vya maua, wakamwambia ataishia hapohapo. Akasoma mimea, akavuka bahari, akatunza bustani kubwa Houston mpaka walipomwambia amezeeka, apumzike. Hakupumzika. Alihamia huku kwenye baridi makusudi, azalishe ua la haibiskasi nyekundu ambalo barafu ya Texas haitaliua. Asubuhi anatembea na kibrashi, anatoa unga wa ua hili anapaka lile, kisha anafunga uzi wa alama. Miaka mingi barafu ilimshinda. Mche mmoja tu ulikuwa umemaliza baridi nje bila kufunikwa.

Nikamwambia Tantine asubiri, nimwite mzee. Tuliporudi, ule mche ulikuwa vijiti vitupu na mfuko wa Tantine umejaa.

"Tantine, umefanya nini?"

"Si ni ngaingai? Nimechuma ya jioni."

Ngaingai ni mboga yetu chachu, tunaipika na samaki. Majani kweli yanafanana.

Mzee alipapasa vijiti kimoja kimoja.

"Ni kazi ya maisha yake, Tantine."

Akashusha mfuko. "Umwambie anisamehe, sikujua." Kisha akanigeukia. "Lakini si unaona? Kazi ya maisha mazima, imeenea kwenye mfuko wa plastiki. Jumatatu twende."

Nilitafsiri yote, hata hilo la Jumatatu.

"Mwambie mama, mizizi haikuingia kwenye mfuko," mzee akasema, akachukua kopo la maji. "Houston waliniambia nimekwisha. Barafu nayo imeniambia. Mama ni wa tatu. Na wewe, unasemaje?"

Mimi moyo wangu ni laini. Kumkatalia Tantine siwezi bila kulia. Basi nikalia, na nikakataa hivyohivyo.

"Jumatatu nitakuwa hapa, Tantine. Nataka kuwa kama yeye. Naye alianza kwa kuosha vyungu."

"Kuosha vyungu?"

"Kuanza na vyungu."

Alininunia njia nzima. Jioni akayapika yale majani. Hayakuwa na uchachu hata kidogo, yanateleza tu, lakini aliyamaliza kwa kiburi, akinitazama. Nikashindwa kujizuia kucheka. Mwishowe naye akacheka, huku bado amenuna.

Jumatatu nilifika Euless kabla ya mzee, nikauzungushia ule mche waya. Klasi Tantine hanitajii tena. Nikirudi nyumbani ananiuliza kitu kimoja tu:

"Kile kijiti kimechipua?"

Bado, Tantine. Kitachipua.