Upande wa Kulia wa Geti

Mimi na Baba tuligombana juu ya jigi miaka na miaka, na nikisema kugombana sitii chumvi. Majirani wa karakana yetu hapa Eldoret, wauza mabati upande huu na wachoma vichwa vya mbuzi upande ule, walikuwa wakisikia sauti zetu zikipanda na wanaendelea kunywa chai. Walijua ni jigi tu.

Acha nieleze, maana si kila mtu amekaa kando ya moto wa chuma. Yale maua unayoona kwenye mageti, yanayojikunja kama konokono, yana njia mbili za kutengenezwa. Baba alitumia mkono. Aliweka ncha ya flati baa, ule ukanda bapa wa chuma, kwenye makaa mpaka iwe nyekundu, akaitoa, akaigonga kwenye kipande cha reli ya zamani tulichokuwa tunafulia chuma, akiizungusha kidogo kidogo mpaka ijikunje. Hakupima chochote. Mkono wa nyundo, alisema, kazi yake ni kugonga. Mkono wa kushika ndio unaosikia chuma kinataka kwenda wapi. Alishika ule mwisho wa baridi bila glavu, na joto likianza kumpandia alijua ni wakati wa kurudisha chuma motoni.

Mimi nilitaka jigi. Jigi ni ua moja la chuma kizito lililochomelewa juu ya bamba. Unanasa ncha ya chuma cha moto pale katikati, unavuta kukizungusha, ua linatoka. La pili linatoka vile vile. Niliitengeneza nilipotoka chuo cha ufundi, nikaileta karakana nikidhani nimeleta baraka. Baba akaiangalia akasema hiyo ni posho mill. Ati unamwaga mahindi huku, unga unatoka kule, na hakuna mtu aliyepika. Nikamwambia watu hawali mageti. Kesho yake tukaanza upya.

Tukienda kufunga geti mtaa wa Elgon View alikuwa anatembea polepole kando ya kuta akinisomea kazi za watu. Huyu hukaza sana katikati. Huyu ana haraka. Huyu alikuwa mlevi kabisa, lakini ona vile anamaliza ncha. Mageti ya jigi aliyapita kana kwamba hapo pana ukuta tu. Nilikuwa nakasirika, na nilikuwa nasikiliza.

Stroke ilimpata asubuhi akivaa viatu. Wakati huo tulikuwa na kazi ya mkulima mmoja wa Moiben, geti la pande mbili. Upande wa kushoto Baba alikuwa amemaliza, kila ua kwa mkono. Upande wa kulia ulikuwa fremu tupu iliyoegemea ukuta.

Alipotoka hospitali mguu ulirudi, mdomo ukanyooka. Mkono wa kushoto, ule wa kushika, ulirudi nusu. Ulikuwa unajikunja na kujikunjua, lakini umekufa ganzi. Alishika kikombe cha chai akikiangalia; akigeuka kuongea na mtu, kikombe kinaanguka. Hata hivyo siku ya kwanza kurudi karakana alisema upande wa kulia mtu asiuguse. Ataufanya yeye. Nilimpigia mkulima simu, akasema hana haraka, atamngoja Mzee.

Mimi siku hizo sikuwa nasikia chochote. Watu waliniambia pole nikasema asante. Nilichomelea madirisha, nilipika ugali, nilimkata Baba kucha. Sikulia hata mara moja, na shangazi yangu akaanza kuniangalia vibaya. Nilijiuliza kama ganzi inaambukiza.

Baba alijaribu. Chuma kilienda kando, au kilijikunja kikaacha bapa mahali, kwa sababu mkono haukuwa unamwambia kitu. Hakulaani. Kila ua lililoharibika aliliweka nyuma ya pipa la maji, akachukua chuma kingine. Nami nilijifanya nina shughuli nyingi na madirisha yangu.

Halafu asubuhi moja akasema, bila kuniangalia, "Leta hiyo kitu yako."

Nilikuwa nimengoja maneno hayo tangu nitoke chuo. Nilileta jigi, nikaifunga kwenye meza, na sikufurahi hata kidogo. Alipasha chuma moto, akanasa ncha, akaanza kuvuta. Ua likatoka likiwa safi. Akaendelea kuvuta, akiinama kuangalia lile konokono likijifunga.

Nilisikia harufu kwanza. Nikadhani ni jirani anachoma kichwa cha mbuzi. Kisha nikaona mkono wake wa kushoto umeteleza ukafika mahali chuma kilipokuwa bado na moto, na umeshika. Baba alikuwa akiliangalia ua, karibu kutabasamu. Aliinua macho akaniona, na ni kwa uso wangu alijua.

Hakupiga kelele. Alitumia mkono wa kulia kufungua vidole vya ule mwingine, nikauingiza kwenye maji.

"Imeungua?" akauliza.

"Imeungua, Baba."

Aliutazama mkono kama wa mtu mwingine. Kisha akasema, "Malizia wewe. Na hiyo hiyo."

Nikamalizia na hiyo hiyo. Tulipeleka geti Moiben kwa pickup, Baba akiwa amevaa koti, mkono uliofungwa bandeji mfukoni. Tulipokwisha kulifunga, mkulima alilizunguka, akapitisha kiganja juu ya maua ya upande wa kulia, ua kwa ua, yote yakiwa sawasawa.

"Mzee," akasema, "hata ugonjwa haukuweza mkono yako. Hii upande ni safi hata kushinda ile ingine."

Nilimwangalia Baba. Mtu aliyeweza kuijua kazi ya fundi akiwa ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nimejiandaa aseme ni jigi, aniaibishe mbele ya mteja, nilitaka aniaibishe.

"Asante," Baba akasema.

Tulirudi mahindi yakiwa yamekauka pande zote za barabara. Tulipofika mjini tulipita mageti mengi, hakuangalia hata moja. Haki, nilitaka aseme posho mill. Ningeendesha gari mpaka Sugoi na kurudi, kama tu ningemsikia akisema posho mill. Tukafika nyumbani.

Nikamfungulia mlango wa gari, nikamuuliza kama mkono unamuuma. Akasema haumuumi.