Gesi ya Jerikeni ya Mama

Hii aibu nimeificha miaka miwili, lakini kwa vile mmeuliza mbona sisalimiani na watu wa idara yangu, sawa, chekeni.

Kazi yangu ya uzamili ilikuwa kupima gesi inayotoka kwa plastiki ikishapigwa mionzi (ndiyo, kuna watu wazima wanafanya hiyo kazi). Unafunga kipande ndani ya chupa ya kioo, gesi ikitoka inasukuma maji ya rangi kwa mrija, unasoma yamepanda kiasi gani. Basi plastiki safi ikaniishia, na mimi na akili zangu nyingi nikakata jerikeni ambayo mama aliacha kwangu akitoka Muhoroni kwenye viwanda vya sukari, ilikuwa inanatanata ndani, na kwa sababu bomba halikuwa na tone (ziwa zima liko pale chini, lakini wewe nenda ukaliulize), nikaipangusa tu na tambara bichi, nikaona inatosha. Vipande vingine vikaenda Nairobi kupigwa mionzi, vingine nikabaki navyo vya kulinganisha.

Siku ya kutetea kazi, mama akaja na akina mama watano wa kanisa, yeye ndiye mwenyekiti wao, sare kamili, wakakaa mbele kumwona daktari wao (niliwaambia bado mimi si daktari, nani alisikia). Nilikuwa nimefunga chupa mbili tangu jana yake. Nikiwa katikati ya kueleza na Kizungu kizito kwamba iliyopigwa mionzi ndiyo itatoa gesi na hii nyingine itatulia, ile ya kutulia ikasukuma maji yote nje, kizibo kikaruka, na chumba kikanuka pombe. Ile ya mionzi, kimya. Mionzi ilikuwa imeua chachu yote, ugunduzi mkubwa sana, hongera kwangu.

Profesa akanusa chupa, akauliza kwa upole kama huwa nakunywa kazini. Mama akasimama.

"Profesa, huyu mtoto hanywi. Hiyo jerikeni ni yangu, ilikuwa na molasi ya ng'ombe."

Jirani yetu, mmoja wa wale watano, aliyekaa kando yake, akageuka pole pole. "Mama Oduor, ng'ombe gani? Si uliuza zote?"

Kwetu mwenye molasi bila ng'ombe anapika chang'aa, na kila mama pale alilijua hilo. Mimi nilipewa miezi sita nirudie vipimo vyote, na akina mama wakarudi nyumbani na gari lingine. Nikamsindikiza mama kwa matatu mpaka Mamboleo nikimwomba msamaha njia yote, na siku hizi naosha plastiki mara tatu hata kama maji nayabeba kichwani, lakini hiyo haisaidii nikikumbuka alivyoniambia akishuka.

"Wewe wamekupa nafasi urudie. Mimi nitarudia wapi?"