Mama Ndani ya Sanduku la Kinyonga

Usiku ule nililala mikono ikinuka sabuni. Nilikuwa nimetoka kusugua sanduku la kinyonga, kioo ndani na nje, nikaosha mawe yake moja moja kama mtu anayeosha viazi, nikaokota kila jani lililodondoka. Nilikuwa na uchovu ule ambao hata ukijilaza, mwili unaendelea kufanya kazi wenyewe.

Sanduku lile alilitengeneza mume wangu, Sefu, fundi wa madirisha ya vioo hapa Lushoto. Aliletewa magunia ya majani makavu ya kutandaza bustanini, na katika gunia moja akamkuta kinyonga mdogo, urefu wa kidole, rangi ya jani lililokauka, mguu mmoja umekatwa na jembe. Majirani walitaka auawe, maana kwa wengi wetu kinyonga ni nuksi. Sefu akakataa. Akakata vioo, akaviunganisha, juu akaweka wavu. Chini akamwaga kokoto, kisha mkaa uliopondwa, kisha udongo wa msituni pamoja na majongoo na wadudu wake wadogo, halafu akapanda kangaga, mimea ile ya kivulini msituni, na kumwaga majani makavu tele. Kwenye kona akaacha ndizi iliyoiva kupita kiasi, izalishe nzi wadogo, kinyonga ale.

"Hapa huna kazi, Mama Asha," aliniambia. "Majani yanaoza, wadudu wanayala, udongo unapata mbolea, mimea inakua. Wewe nyunyiza maji, ukae uangalie."

Kukaa na kuangalia sikujua. Nilikuwa nimemuuguza mama yangu kwa muda mrefu. Nilimgeuza, nilimwosha, nilibadilisha shuka, nilifagia chumba chake kabla ya kazi nyingine yoyote, na alipofariki mikono yangu haikuelewa kwamba imepewa ruhusa ya kupumzika. Ikahamia kwenye sanduku. Kila asubuhi nikimaliza kufagia uwanja, nilifagia na mle ndani, kwa kijifagio nilichojifungia kwa chelewa fupi. Mwanamke gani ataacha majani yaoze ndani ya nyumba yake watu waone? Ndizi nikaitoa. Majongoo nikawatupa nje kwa koleo la mkaa. Tena kila nikisugua nilikuwa natafuta kitu nilichokisahau, kitu ambacho ningekifanya mama asingekufa.

Udongo ukaanza kunuka. Kangaga zikageuka njano, na kinyonga akaacha kula. Siku ile alishinda amefumba macho, ngozi imemlegea mbavuni. Niliogopa, nasema kweli, kuliko mtu anavyopaswa kumwogopea kiumbe wa urefu wa kidole. Sikuwa na nguvu ya kuzika kitu kingine.

Nikalala, nikajikuta nafagia.

Uwanja ulikuwa wa nyumbani kwa mama, lakini mwisho wake palikuwa na kioo, na kioo kilitoka jasho, maji yakiteremka polepole. Kangaga zilisimama juu yangu, ndefu kupita paa. Sikushangaa. Nilifagia, majani yakaanguka nyuma yangu, nikageuka nikafagia, yakaanguka tena. Mgongo unauma. Naufikia mlima wa majani karibu na jiko, nainua ufagio, na katikati ya majani naiona kanga ya mama, ile ya zambarau tuliyomfunika siku za mwisho.

Ameketi humo, miguu kainyoosha, majani yamemfika kiunoni. Huyu ni mama ambaye jani halikulala uwanjani kwake hata siku moja. Wageni walivulia viatu ukingoni mwa uwanja, si mlangoni, na sisi watoto wake tulimcheka kwa hilo mpaka tukazeeka.

"Shikamoo mama," nasema.

Haitikii. Kinyonga anatembea juu ya mkono wake, kwa mwendo wake wa kusitasita, na mama, ambaye akikutana naye njiani alikuwa anaahirisha safari, anamtazama tu. Jongoo anampanda goti. Nainama na ufagio nimtoe.

"Hadija."

"Abee, mama."

"Umenifagia. Imetosha."

Namwambia majani yanaoza, mama, yatakuchafua. Namwambia shuka lako la leo bado sijabadilisha. Sasa tupo chumbani kwake, kitanda ni kilekile, majani yamejaa sakafuni hadi dirishani, na harufu si ya ugonjwa tena, ni ya msitu uliopata mvua. Mama ananyoosha mkono, anaushika ufagio. Nami siuachii. Tunavutana hivyo, yeye bila kutumia nguvu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Sikufa kwa sababu ulisahau kitu," anasema. "Kaa chini."

Nikauachia. Nikakaa. Kwa chini majani yana joto. Mama anayachota kwa viganja, anayamwaga juu ya miguu yangu, anachota tena, hana haraka, na mimi nalia bila sauti na wala sijifuti. Alipofika magotini niliamka.

Kulikuwa kumekucha. Nilikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, nikajaza ndoo majani niliyokuwa nimeyatupa, yakiwa na unyevu wake na majongoo wake, nikayarudisha yote ndani ya sanduku. Kisha nikaweka ndizi iliyoiva. Kinyonga alikuja kupona na kula, lakini hiyo ni baadaye. Asubuhi ile hakufumbua hata jicho.

Sefu alinikuta nimepiga magoti pale, mikono ina udongo.

"Vipi, Mama Asha?"

"Mama amekuja."

Alichuchumaa kando yangu. "Kasemaje?"

"Kasema nikae chini. Alikuwa kwenye majani, jongoo yupo gotini."

"Mama huyu huyu? Aliyenivua viatu nikiwa nimekuja kuposa?" Mimi nikacheka, kisha kicheko kikanigeukia kilio, nikashindwa kuinuka. Nikasema neno ambalo sikuwahi kulisema wakati wa ugonjwa wala wakati wa msiba.

"Sefu, nimechoka."

Alinishika kwapani akaniinua, akanipeleka hadi kitandani, akanivutia shuka mpaka shingoni. "Lala," akasema. "Uwanja nitafagia mimi."

Nikamsikia huko nje mbele ya majirani wote, anafagia vibaya, anaruka pembe, anarudia palipokwisha kuwa safi. Sikuinuka.