Baiskeli ya Gia na Tope la Matongo

Dada yangu Ghati alinipigia simu kutoka Kenyamonta. Chambavu, ule ugonjwa wa kuvimba misuli, imeua ng'ombe wake wawili, na ndama kumi na mmoja hawajachanjwa. Mimi nauza dawa za mifugo Tarime mjini, na mke wangu nilimwoa kwa ng'ombe wa mahari ya Ghati huyohuyo. Kwetu Wakurya, dada wa namna hiyo akiita, unakwenda. Bodaboda zilikuwepo, lakini baiskeli yangu ya gia ilikuwa mpya na nilitaka kuringa nayo. Nikafunga chanjo nyuma, ndani ya kiboksi cha barafu.

Saa kumi na mbili asubuhi, Tarime. Kwenye milima na changarawe ilikuwa raha tupu! Tairi nene zenye meno, springi mbele. Wenye baiskeli za chuma nilikuwa nawapita wakikokota, nikiwahurumia.

Saa tano, Matongo. Rashi ya dhahabu, watu kumiminika machimboni, ilikuwa imepamba moto, na mvua ilikuwa imenyesha. Udongo mweusi ukajaa kwenye zile tairi nene, magurudumu yakagoma, gia ikapinda. Barafu inayeyuka, nami nimesimama kama kigingi.

Mwanamke mmoja alikuja akisukuma baiskeli ya chuma yenye gunia la mawe ya dhahabu. Haikuwa na madigadi ya kukinga tope wala pedali ya kushoto.

"Pedali iko wapi?" nikamuuliza.

"Mfukoni. Nikisukuma mzigo inanipiga muundi. Tairi nyembamba inakata tope, kaka. Hiyo yako inalibeba."

Jina lake Bhoke. Nikamweleza habari za Ghati na ile mahari. Akafungua kamba za gunia na kuanza kuirudisha pedali.

"Chukua hii. Yako niachie."

"Na kazi yako?"

"Hata mimi kaka yangu alioa kwa ng'ombe zangu. Hajawahi kuja kunijulia hali. Nenda, bwana, barafu haisubiri."

Saa nane, Kenyamonta. Tandiko lilikuwa gumu, nyonga zikaniuma, lakini tope halikunisimamisha tena. Barafu ilibaki kipande kama yai.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kweli!" Ghati alilia. Tukachanja ndama wote.

Njiani kurudi niliyameza majivuno yangu. Baiskeli nzuri huijui dukani. Uliza kwanza njia, udongo na mzigo. Mlimani nipe gia; kwenye tope la Matongo nipe chuma kisicho na madigadi.

Jioni, Matongo tena. Bhoke alikuwa ameisafisha baiskeli yangu kwa kijiti, tope lote. Mawe yake alikuwa ameyabeba kichwani kutwa nzima, nusu gunia nusu gunia, na shingo haikugeuka vizuri. Baiskeli yake hata hakuiangalia.

"Ndama wangapi?"

"Kumi na mmoja. Wote."

Akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Basi Ghati ana kaka."