Gauni Juu ya Farasi

Hivi wewe, umewahi kunusa farasi aliyenyeshewa mvua? Basi hujui. Ni kama blanketi zito lililolowa, ukichanganya na jasho na majani mabichi. Mimi harufu hiyo naijua tangu nina mapengo mdomoni, na nikiikumbuka nacheka, halafu uso unaniwaka moto kwa aibu. Bibi mzima na mvi zangu! Tulikuwa Igamba, kule Mbozi, kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja. Baba na mama walikuwa wanachuma kahawa, na baba yangu mdogo, Yohana, anatunza farasi. Mimi shule nilishaachia darasa la pili, nipo nipo tu.

Sasa baba mdogo alikuwa amechoka kushika fagio la banda. Alitaka awe mwalimu, afundishe watoto wa mashamba ya jirani kupanda farasi. Mwenye shamba akamwambia sawa, tafuta mtu ambaye hajapanda hata mara moja, mfundishe, mahindi yakianza kuchomwa nije nimwone anazunguka uwanja peke yake. Akizunguka, umekuwa mwalimu. Asipozunguka, rudi kwenye fagio lako. Baba mdogo akatafuta weee, watu wazima wakamkimbia. Akanigeukia mimi. "Atu, unaogopa?" Nikasema siogopi. "Haya panda, kabla woga haujafika."

Basi msimu ule wote, jioni ikifika, mimi na jike mmoja wa rangi ya udongo, anaitwa Sukari. Tandiko linalia nyii nyii, baba mdogo anatembea pembeni kanishika goti. "Goti libane. Kisigino chini. Tazama mbele. Na kamba za mdomoni kwake usiziachie, hata nyuki akikuuma!" Nikajua, jamani. Nikawa nazunguka peke yangu huku naimba, wanaoniona ni kuku tu. Chini ya gauni nilivaa kaptula ya kaka, ina kiraka cha gunia matakoni, kikubwa kama sahani. Siku moja mama akapita na kuni, akasimama. "We Yohana, binti gani anapanua miguu hivyo?" Baba mdogo akamjibu, "Shemeji, huyu farasi, siyo keria ya baiskeli. Hakaliwi upande." Mama akasonya, akaenda zake. Ila lile neno likabaki limeniganda kichwani, nikawa nashusha gauni kila nikipanda.

Siku yenyewe ikawa Jumapili. Nani aliwaambia sijui, maana watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja uwanjani, kwaya nzima na sare zao, mama yangu katikati yao. Mwenye shamba kakunja mikono. Nikaanza vizuri, upande wa kwanza, upande wa pili, baba mdogo anatabasamu mpaka masikioni. Nikafika mbele ya kwaya. Upepo ukanyanyua gauni. Mama mmoja akapiga kelele, "Yesu wangu, mtoto wa watu kakaa kama dume!" Wakacheka. Mimi nikafanya nini? Nikaachia kamba zote mbili, nikashika gauni kwa mikono miwili, nalivuta chini. Sukari naye kuona kaachiwa, akaenda zake taratibu hadi kwa yule yule mama, akainamisha kichwa kwenye kapu lake la mahindi mabichi aliyonunua mnadani kanisani. Nikateleza shingoni kama maji. Puu! Mimi ndani ya kapu, gauni limenifunika kichwa, kiraka cha gunia kinaangalia mbinguni. Kicheko kile nadhani kilifika Ileje.

Mwenye shamba akatikisa kichwa, akaondoka. Baba mdogo hakunipiga. Alinitoa nyuzi za mahindi kwenye nywele, akaniambia polepole, "Nilikufundisha farasi, mwanangu. Kutazamwa na watu sikukufundisha." Kesho yake akarudi kwenye fagio, na fagio hilo alizeeka nalo. Mimi farasi sikumsogelea tena. Hata kisimani nilianza kwenda saa wenzangu wameshatoka.

Siku hizi nakaa Tunduma kwa binti yangu, nanusa dizeli ya malori yanayongoja kuvuka mpaka. Na mjukuu wangu, Tusekile, yuko Arusha anasomea hiyo hiyo, ualimu wa kupanda farasi! Ananipigia simu ya picha, kavaa suruali imembana na kofia ngumu, wala hana habari. Juzi akaniambia karibu wanampima, atafundisha mtu asiyejua kabisa, mbele ya wakubwa. Nikamsimulia yote, mpaka kiraka. Akacheka, akacheka, halafu akaivua ile kofia.

"Bibi," akasema, "mtihani wataangalia, siwezi kuwazuia. Ila nikishapata cheti, mwanafunzi wangu wa kwanza wa kike nakuahidi nitamfundisha geti la uwanja limefungwa. Siku akitaka kuonekana, atalifungua mwenyewe."