Kunywa, Baba Watoto

Mdomo ninao, sikatai. Mume wangu alikuwa akiwaambia wenzake kazini kwamba nyumbani kwake hahitaji redio. Basi leo sikilizeni, maana haya sijawahi kumwambia mtu.

Alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha nguo, miaka ishirini na miwili. Chumba chao mvuke mtupu, mashati yamening'inia hadi mlangoni, na choo kiko ng'ambo ya ua. Ukienda haja, ukirudi mashati yamekurundikia. Kwa hiyo walijizoeza kutokunywa maji mpaka kengele ya jioni, halafu wakalifanya shindano, wanaume wazima na ndevu zao! Mume wangu hakuwahi kushindwa. Wakamwita Ngamia, naye akavimba kichwa kama kapewa cheo. Mgongo ukimuuma, alimeza vidonge vya maumivu kwa mate, kila siku ya Mungu.

"Kunywa maji, wewe mwanamume!" nilimpigia kelele miaka yote hiyo.

"Haya, mama watoto, umeanza."

Sikio la kufa halisikii dawa. Akaanza kupauka, miguu ikavimba, akipanda ngazi mbili tatu anahema. Nikamburuta hospitali.

Daktari, kijana mpole, alitueleza taratibu. Figo, alisema, ndizo zinazopima maji na chumvi mwilini. Ukikosa maji, ubongo unatoa homoni inayoziambia figo zibane. Ukinywa ya kutosha, homoni inapungua na figo zinaachia mkojo. Zenyewe pia hutoa homoni inayouagiza mwili utengeneze damu, ndiyo maana mgonjwa wangu alipauka vile.

"Mzee amezitesa," akasema. "Joto, maji hanywi, na vile vidonge juu yake. Sasa karibu zimekufa. Kwa hiyo kuhusu maji..."

Sikumwacha amalize. Nilimgeukia mume wangu pale pale. "Umesikia? Umesikia kwa masikio yako? Mjinga nani, mimi au wewe?"

"Mama, naomba nimalizie."

"Usijali, mwanangu. Maji niachie mimi."

Muuguzi akaja mbio kumwita kwa mgonjwa mwingine. Daktari akaandika karatasi harakaharaka, akanisihi niisome. Nikaitia mkobani. Nisome nini, na mimi nilijua tangu zamani? Nilitoka pale nina furaha, Mungu anisamehe, furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Nyumbani nikaweka jagi. Lita tatu kwa siku, nami nimesimama mbele yake mkono kiunoni. Yule mbishi wa miaka yote sasa alinitii kama mtoto.

"Mama watoto, nimejaa."

"Kunywa, baba watoto."

Mkojo haukutoka ila matone. Nikasema figo zake nazo kaidi kama mwenyewe, nikaongeza glasi. Siku ya nne hakuweza kulala chali, akalala ameketi. Siku ya tano kifua kikawa kinakoroma hata akiwa macho, na midomo imebadilika rangi. Tukarudi hospitali kwa teksi, kichwa chake begani kwangu.

Daktari alipompima alikasirika waziwazi. "Niliandika asizidishe nusu lita ya maji kwa siku! Figo haziwezi kuyatoa tena, yameingia kwenye mapafu. Nani kampa maji yote haya?"

Mume wangu akaivuta barakoa ya hewa kando.

"Mwenyewe," akasema. "Nilikuwa nakunywa kwa siri. Huyu alinikataza sana."

Aliniangalia, na hakukuwa na hasira machoni pake. Wakamkimbiza kwenye mashine ya kusafisha damu, lakini hakufika saa kumi ya jioni.

Sasa watu wanakuja kunipa pole. Ndugu zake wananishika mikono, wanasema nilimhangaikia mno, ila marehemu alikuwa mkaidi, hata daktari kasema alikatazwa maji akanywa. Nami nawaitikia, ndiyo, alikuwa mkaidi.